Mbegu ya Utupa

Migono minne ya Annastella ililazwa mbele ya ofisi ya kijiji, na mmoja ulishamwagiwa mafuta ya taa. Aliisuka mwenyewe kwa matete. Bila hiyo mitego hakuna samaki, na bila samaki hakuna chumvi wala sabuni.

Samaki wa kijito walikuwa wakifa tangu Jumatatu. Kila mtu alijua sababu. Mtambo wa diwani wa kuoshea kahawa, kule juu kilimani, ulimwaga maji yake meusi kijitoni tangu msimu uanze. Ila kujua ni jambo moja, kusema mbele ya mtendaji ni jingine. Mnyonge hana haki.

"Mama, kijito kimetiwa sumu," alisema Mwesiga, mtendaji wa kijiji. "Wilayani wanataka jina. Asipopatikana mtu, ni wewe mwenye migono."

"Waitu, mheshimiwa, yale maji ya kahawa…"

"Nimekuuliza habari za kahawa?" Alitoa kiberiti mfukoni. "Nani ana utupa kwenye kibanja chake?"

Majani ya utupa yakitwangwa na kutiwa majini hulewesha samaki. Lakini pale kijijini watu waliupanda ili kufukuza fuko kwenye migomba, basi.

"Benadetha anao," alisema Annastella. Hilo halikuwa uongo.

"Ulimwona akitwanga?"

Annastella aliitazama migono yake. Mwesiga akawasha njiti.

"Nilimwona."

Akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa. Akarudishiwa migono yote, hata ule ulionuka mafuta ya taa.

Benadetha alikuwa jirani yake kwa miaka ishirini na mbili. Mgambo walimtoa jikoni, mikono bado ina utomvu wa ndizi, wakampakia kwenye pikipiki kwenda Muleba. Hakutukana. Alimtazama tu Annastella aliyesimama kando ya njia.

"Si ni wewe uliyenipa mbegu, dada yangu?"

Ni kweli. Alimpelekea mwenyewe, zimefungwa katika jani la mgomba, mwaka ambao fuko walimmalizia Benadetha migomba. Annastella aliona aibu. Hata hivyo, kesho yake alitega.

Siku ya tatu aliinua mgono wa kwanza. Kambare watatu, wote wamekufa, na maji yaliyochuruzika mkononi mwake yalinuka kahawa iliyochacha. Benadetha alikuwa bado mahabusu.

Mwesiga alikuwa amesimama juu ya daraja la magogo, ameziba pua kwa leso.

"Unaona? Yule mama ana wenzake," alisema. "Nani mwingine ana utupa?"

Nyuma ya nyumba ya Annastella, hatua chache kutoka kijitoni, utupa wake ulikuwa umechanua maua meupe. Alisogea kidogo ili Mwesiga asiuone. Kisha akaanza kukumbuka ni nani mwingine aliyewahi kupewa mbegu naye.