Nguzo ya Rangi ya Chungwa

Hivi, umewahi kusifiwa mpaka ukakosa mlango wa kutokea? Sauda yalimpata hayo Mbulu mjini, katika ofisi ya afya alikofanya kazi ya takwimu. Na sifa zenyewe zilitokana na grafu.

Alihamia huku kutoka Tabora, binti yake Samira akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Lakini baridi ya Mbulu haimjui mgeni. Ukungu ukishuka asubuhi unakufuata hadi kwenye shuka. Kifua cha mtoto kikawa kinalia kama bawaba kavu, mpaka mama yake Sauda akasafiri kuja kumchukua.

"Nakutunzia tu, mwanangu," alisema akimfunga mjukuu kwa kanga mbili. "Ukipata uhamisho utamkuta."

Samira sasa yuko darasa la kwanza. Uhamisho haujaombwa.

Usimwone Sauda mzembe. Kabla hajafika, grafu za ofisi ile zilibandikwa kwenye slaidi jinsi zilivyotoka kwenye kompyuta, na weupe wake wa nyuma, kama kiraka cha shuka kwenye koti la kijani. Sauda akauondoa weupe. Nguzo akazipaka kijani kilekile cha slaidi, hiki kilichoiva na kile cha ngano changa. Herufi akazifananisha na za kichwa cha habari. Jina la kata akaliweka chini ya nguzo yake, tarakimu juu ya kichwa chake, mtu asihangaike kutafuta maelezo pembeni. Halafu akaweka sheria moja: nguzo yenye shida, ile unayotaka watu waiulize, ipakwe rangi ya chungwa, na nyingine zote zipumzike kwenye kijani. Watu wa kata ya Nambis wakipunguza kuleta watoto kliniki, Nambis inawaka chungwa, na macho yanafika pale kabla msemaji hajafungua mdomo.

"Dada Sauda," Patriki wa meza ya pili alikuwa akimtania, "grafu zako zimevaa sare kama watoto wa shule. Bado kuimba tu."

Mkuu wao, mzee Hermani, ndiye aliyezipenda kuliko wote. Kila Sauda alipoingia kwake na neno la uhamisho ulimini, mzee alimuwahi.

"Karibu, mwanangu! Huko kwenye vikao wananiuliza ni nani anatushonea slaidi hizi. Nikikukosa wewe, mimi nimekwisha."

Sasa hapo utasema nini? Sauda alishukuru, akatoka, neno lake amelimeza na mate.

Jumapili moja akapiga simu nyumbani. Akapokea Samira mwenyewe, sauti imenyooka, sauti ya mtoto anayejua kusoma.

"Shikamoo, anti."

Nyuma yake bibi akamkemea. "Siyo anti! Huyo ni mama yako!"

Mtoto akacheka. "Mama si wewe?"

"Marahaba," Sauda akajibu. Salamu ilikuwa yake, angeikataaje?

Kesho yake mzee Hermani akataka grafu mpya ya kikao: watumishi waliotoka mikoa mingine wamekaa miaka mingapi kwenye vituo vyao. "Nataka waone kwamba mtu akija Mbulu anapapenda," alisema. "Weka kata ya Daudi, weka Nambis, weka na ofisi yetu hii."

Sauda akakaa kazini. Akachukua rangi kwenye ukingo wa slaidi, akasawazisha upana wa nguzo, akafuta mistari isiyo na kazi. Vidole vilijua njia. Masikio yalikuwa Tabora.

Mchana wakafunga mapazia kufanya majaribio. Grafu ikatokea ukutani, na Patriki akawa wa kwanza kucheka.

"Eeh! Leo ofisi yetu ndiyo imevaa chungwa!"

Mzee Hermani akasogea karibu na ukuta. "Sauda, hapa si umepitiwa? Nguzo yetu ni ndefu kuliko zote, hilo ni jambo jema. Chungwa si tunaweka penye shida?"

Sauda akatazama. Kweli, chungwa tupu, na mkono ulioipaka ni wake.

"Bonyeza irudi kijani tukanywe chai," Patriki akasema.

Kidole kikaenda kwenye kipanya. Kubonyeza mara moja tu. Nguzo ingefanana na nyingine, ingependeza na slaidi nzima, na hakuna mtu ambaye angeiuliza kitu tena. Sauda akaondoa mkono, akauficha ndani ya sweta.

"Sijapitiwa, mzee. Ofisi hii mgeni ni nani?"

Wakatazamana. Wengine wote walikuwa wa hapahapa.

"Ni wewe," mzee akasema taratibu.

"Basi nguzo hiyo ni mimi peke yangu. Na karibu urefu wake wote ni miaka ambayo mwanangu amelelewa bila mimi. Jana ameniamkia anti."

Patriki akazima projekta. "Mbona hukuniambia, binti yangu?" mzee akauliza.

"Kila nikija ulikuwa unanisifia."

Mzee akavuta kiti akaketi, kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakujua ameubeba. "Leo sikusifii. Sema."

"Nataka uhamisho, mzee. Nataka kurudi Tabora, Samira aniite mama."