Vidole Vinne kwa Kila Somo

Jumanne moja ya mwaka 1933, saa kumi alasiri, mvua ya mawe ilipokwisha kupita na majani kupimwa, wachumaji chai kumi na mmoja walikuwa ndani ya stoo ya magunia wakicheza ngoma ya mianzi. Wawili waligonganisha fito sakafuni, na wengine wakaruka kati yake kwa zamu. Hilo lilikuwa somo la Mazoezi ya Mwili, nalo lilikuwa la lazima.

Shamba lenyewe lilikuwa kilimani, juu ya mji mdogo wa Sosiot. Bwana Meneja alikuwa ametangaza kwamba mchumaji hatafanywa karani wa mizani bila cheti cha masomo ya jumla. Alipoulizwa ni masomo gani hayo, alisema mwalimu atajua. Mwalimu Kepher, mtu wa upande wa ziwa mwenye suti moja na subira nyingi, hakujua. Akaandika barua kuomba mtaala, na posta, ambayo ina mambo yake, ikamletea wa chuo kimoja cha Manila, visiwa vya Ufilipino. Kepher aliusoma mara mbili, asione kosa. Masomo yalikuwa manane. Kulikuwa na Kujielewa, Kuthamini Sanaa, Maadili, Historia ya Visiwa, na hata Maisha ya daktari mmoja wa huko aliyepigwa risasi kwa kuandika vitabu. Kupima majani hakukuwemo.

Gekara alikuwa hodari kuliko wote kwa sababu alikuwa na haja. Wachumaji walilala sita katika kibanda kimoja, na mke wa mchumaji aliruhusiwa kukaa siku mbili tu, kisha arudi alikotoka. Karani alipewa nyumba ya vyumba viwili na ruhusa ya kuishi na mkewe. Mke wa Gekara, Sellah, alibaki nyumbani huko Kisii pamoja na mtoto wao Mokaya. Gekara alimkumbuka sana hata akakariri majina ya visiwa mia moja.

Jambo lilionekana siku ile ya mianzi. Fito zilipita chini ya nyayo za Gekara bila kumgusa, hata aliposimama tuli. Kepher alipima kwa mkono. Mtu huyo alikuwa hewani, vidole vinne kwa kila somo alilofaulu. Hakuna aliyegundua mapema, kwani shambani michai humficha mtu miguu.

"Masomo tano, vidole ishirini," alisema Mwalimu. "Hesabu iko sawa. Haya, rudieni kuanzia mguu wa kushoto."

Gekara alipomaliza masomo yote manane, nyayo zake zilikuwa juu ya magoti ya wenzake. Ijumaa hiyo Sellah alifika kwa miguu na kikapu cha ndizi. Alimtazama mumewe kutoka chini.

"Baba Mokaya, huko juu unakula kweli?"

"Nakula."

"Basi shuka tusalimiane."

"Haiwezekani, Mama Mokaya. Ni hii masomo."

Sellah akapindua debe, akapanda, wakasalimiana.

Jumamosi asubuhi Gekara alipeleka cheti ofisini. Aligonga paji la uso kwenye fremu ya mlango, akaomba radhi. Bwana Meneja alikisoma cheti na kukisifu.

"Keti," alisema.

Gekara alikunja magoti. Kiti kilikuwa chini kabisa, naye alikuwa juu, magoti yake yakielea juu ya chupa ya wino mezani.

"Hiyo ni shida," alisema Bwana Meneja. "Karani anaketi."

"Bwana, cheti ni wewe ulitaka."

"Nilitaka. Na ni mzuri sana. Lakini kiti iko pale, na wewe uko hapa."

"Naweza kusoma mizani nikisimama."

"Kwa kusimama niko na wachumaji."

Kazi ilipewa Phelix, shemeji ya mpishi wa Bwana Meneja. Hakuwa amesoma somo hata moja, lakini aliketi vizuri sana. Ulikuwa uonevu mtupu, na kila mtu alisema hivyo njiani akienda kuchuma.

Bwana Meneja naye alichungulia dirishani, akamwona Gekara akikatiza kitalu cha miche bila kuvunja hata mmoja. Akafikiri kidogo. Kabla ya saa sita ilitangazwa kwamba masomo manane sasa ni lazima kwa wachumaji wote. Kepher alipewa kengele.

Siku za Sellah ziliisha Jumapili. Gekara alimsindikiza hadi mpaka wa shamba, mahali ambapo mchumaji hutakiwa kurudi. Sellah alimshika kifundo cha mguu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Hiyo masomo yote, imekusaidia nini?"

Sellah akajitwika kikapu, akaenda.

Siku zote Gekara alikuwa akimpoteza kwenye kona ya kwanza, michai ikimficha, na kila mara Sellah alikuwa akienda haraka bila kugeuka, mpaka Gekara akadhani kwake kuachana ni jambo jepesi. Safari hii, kutoka huko juu alikoelea, alimwona kupita kona, kupita daraja, hadi kilima cha pili. Huko Sellah aliangalia nyuma, asione mtu njiani. Akatua kikapu, akaketi kando ya njia, akalia kwa muda mrefu. Kisha akajifuta uso, akajitwika, akaendelea.

Gekara aliumia moyo, akafurahi pia, yote kwa pamoja. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye mstari wake akichuma, na ilimbidi ainame zaidi kuliko zamani.