Mbegu Juu ya Dari

Ilikuwa miezi minne tangu nirudishwe kijijini kwangu Runazi. Nasema nirudishwe kwa sababu sikurudi kwa hiari yangu. Mwanangu Fideli aliita bodaboda mbili, moja ya kunibeba mimi na moja ya godoro langu, akaniambia, "Mama, kapumzike kidogo kwako mpaka mambo yatulie." Mambo yenyewe yalikuwa mimi, ila nilimlea vizuri, hawezi kumwambia mama yake neno kama hilo usoni.

Fideli ndiye mtoto pekee niliyebaki naye. Anafanya kazi Rusumo, mpakani, kwa mawakala wanaopitisha mizigo ya malori forodhani. Nyumbani kwake Nyakahura hufika Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Mwaka juzi alimaliza kujenga nyumba ya kisasa: matofali ya kuchoma, madirisha ya vioo, dari ya jipsamu yenye maua pembeni, na jiko limetengwa huko nje uani. Akaja kunichukua nikaishi na mkewe Suzan na binti yao Akimana, aliyekuwa na miaka mitano. Nikapewa kitanda chumba kimoja na mtoto. Nilifurahi, sitadanganya. Tangu marehemu mume wangu Gervasi aondoke, nilikuwa nikizungumza na kuku.

Sasa niseme habari ya mbegu. Wazazi wetu walitoka Burundi na desturi zao, na hii ni mojawapo ambayo mama mkwe wangu hakuiacha. Nilipoolewa, alingoja nimekwenda kuchota maji, akaingia jikoni kwangu na mbegu bora za shamba lake, amezifunga kwenye majani makavu ya mgomba, akazipandisha kwenye fito juu ya moto. Hakusema neno. Moshi ulizikausha, wadudu hawakuzigusa, na msimu wa kupanda ulipofika nikazikuta, nikajua kwamba nimekubaliwa katika ukoo ule. Mkwe haulizi zimetoka wapi, na mama mkwe hajitambi.

Nilitaka kumfanyia Suzan hivyo hivyo, maana ni mwanamke mzuri, mchapakazi, ingawa chai yake haina majani ya kutosha. Nilimgusia Fideli kwa mbali, akacheka. "Mama, hii ni nyumba, si ghala." Basi mimi nina kichwa kigumu. Jumapili moja walipokwenda kanisani nikasingizia goti. Nikaweka meza, juu ya meza nikaweka kigoda, nikasukuma kile kipande cha jipsamu ambacho fundi umeme hupitia, nikapandisha vifurushi saba, vinne vya maharage na vitatu vya mahindi, nikavilaza juu ya chumba chetu mimi na Akimana. Mwanamke wa miaka sitini na minane juu ya kigoda. Nilishuka nimejaa vumbi na furaha, wala sikumwambia mtu.

Mvua za masika zilipochanganya, Akimana akaanza kukohoa. Mwanzoni tukasema ni mafua. Halafu kifua kikawa kinambana, akipumua unasikia filimbi ndani yake. Macho ya Suzan yakawasha na kuvimba. Mimi niliamka na maumivu ya kichwa kila asubuhi, nikayaita uzee. Fideli akija Jumamosi mzima, Jumapili anaondoka anapiga chafya. Hospitalini walipima malaria, hakuna. Walipima kifua kikuu, hakuna. Daktari akauliza kama ndani ya nyumba kuna moshi, au mifugo, au unyevu, na Suzan akamjibu, kwa maringo kidogo, kwamba nyumba yetu ni mpya. Tukapewa dawa ya kupuliza mdomoni. Mtoto akipelekwa kwa wazazi wa Suzan wiki moja anapona kabisa, anakimbizana na mbuzi. Akilala kwetu siku tatu, filimbi imerudi.

Watu wakaanza kusema kuna mkono wa mtu. Suzan, ambaye kwa uchovu alikuwa amebaki macho tu, akamwita mtumishi mmoja wa Mungu apite kuombea nyumba. Yule bwana alizunguka vyumba vyote, akafumba macho, akasema kuna kitu kimewekwa humu ndani na mtu anayekula nanyi. Tulikuwa tunakula watatu, wanne Fideli akiwepo. Hesabu yake haikuhitaji mwalimu.

Nilipandwa na hasira ambayo sijapata kuiona tangu ujana wangu. Nikachukua Biblia yangu mwenyewe, nikaweka mkono juu, nikaapa mbele ya Fideli, mbele ya Suzan, na mbele ya balozi wetu wa nyumba kumi, Anastazi, aliyeitwa kuwa shahidi, kwamba sijaweka kitu chochote katika nyumba ile. Niliapa kwa moyo mweupe. Mbegu hazikunijia hata akilini. Kwangu mimi mbegu si kitu kilichowekwa, mbegu ni chakula cha mwakani.

Kiapo hakikusaidia. Suzan akaacha kunitazama machoni, na mwezi haukuisha, zikaja zile bodaboda mbili.

Runazi habari ilikuwa imenitangulia. Wanawake waliozoea kupita mlangoni kwangu wakienda kisimani walianza kupita njia ya juu, ambayo ni ndefu na ina miba. Kanisani benchi langu likawa na nafasi nyingi, ningeweza kujilaza. Nikisalimiwa, nasalimiwa kwa adabu iliyozidi, na kabla sijaitikia miguu ya mtu imeshaanza kuondoka. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumia kwa kuambiwa shikamoo. Mchana niliongea peke yangu kwa sauti ili nisisahau sauti yangu ilivyo.

Aliyekuwa anakuja ni Ng'washi tu, jirani yangu Msukuma, mwenye ng'ombe wengi na muda mchache wa maneno ya watu. Na Fideli alipiga simu kila Jumapili. Nilimuuliza jambo moja tu, Akimana anaendeleaje, na alijibu jambo moja tu, "Bado, mama." Nitakiri dhambi yangu. Zile mara za kwanza aliposema bado, kuna kitu kibaya ndani yangu kilichekelea. Nimeondoka na mtoto bado anaumwa, si waone basi kwamba sikuwa mimi? Baadaye alipolazwa mara ya pili nilijionea haya, nikafunga kula siku mbili.

Siku moja, mwezi ule wa nne, Ng'washi aliniomba nimsaidie kupukuchua mahindi. Bati la ghala lake lilikuwa limevuja, gunia moja la pembeni limelowa muda mrefu bila yeye kujua. Tulipolifungua, vumbi la kijani likanyanyuka mpaka usoni mwangu. Nikakohoa. Lakini si kikohozi kilichonikalisha chini, ni harufu. Niliifahamu. Niliilalia miezi mitatu Nyakahura. Nilidhani ni godoro la Akimana, nikalianika juani kila siku na kumwambia mtoto wa watu kwamba sasa amekuwa mkubwa, aache kukojoa kitandani. Naye alinijibu kila mara, "Bibi, sijakojoa."

"Mama Fideli, toka hapo," Ng'washi akasema, amejifunga kanga puani. "Bibi shamba alituambia kuvu ya namna hii inaziba kifua. Tusiipumue."

"Inaweza kumuua mtoto?"

"Mtoto mwenye kifua kibaya? Inaweza. Kwani kuna nini?"

Nilikuwa naiona dari ya Fideli. Mama mkwe wangu alikuwa na moto chini ya zile fito, asubuhi na jioni, mwaka mzima. Mimi nilibeba desturi yake nikasahau moto. Nikakumbuka doa la kahawia kwenye kona ya chumba chetu, juu kabisa, ambalo Fideli alilipaka rangi nyeupe mara mbili. Bati lilikuwa linavuja juu ya mbegu zangu, jipsamu inafyonza maji, na chini yake mtoto amelala.

Nataka mnielewe nilikuwa mahali gani. Nikinyamaza, Akimana anaendelea kuvuta ule uchafu. Nikisema, nimejitia kitanzi mwenyewe. Mtumishi alisema kuna kitu kimewekwa na mtu wa ndani, mimi nikaapa kwamba hakuna. Sasa niende niseme kipo, nimekiweka mimi, kwa siri, juu ya kitanda cha mtoto? Nilitafuta ujanja. Nilifikiri nimpigie simu Fideli nimwambie tu aangalie bati. Lakini akipanda atavikuta vifurushi, saba, vimefungwa kwa kamba ya mgomba mafundo mawilimawili, na katika dunia hii anamjua mtu mmoja tu anayefunga hivyo. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Siku tatu mtoto aliuvuta ule uchafu, na mimi nilikuwa najua. Hilo halitafutika.

Jumapili Fideli hakupiga. Nikapiga mimi. Akasema jana walimkimbiza Akimana hospitali wakarudi naye, lakini usiku hakulala, alikaa kitako ili apate pumzi. Nikapiga moyo konde, nikatafuta bodaboda.

Niliwakuta wote sebuleni. Anastazi naye alikuwepo, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Akimana alikuwa mapajani mwa mama yake, mabega yanapanda na kushuka. Aliponiona akataka kuja, Suzan akamshika.

"Shikamoo, mama," Suzan akasema, akiangalia sakafu.

"Marahaba, mwanangu. Mtoeni mtoto nje kwanza, akae kwenye hewa. Kuna vitu niliviweka darini."

Suzan alinyanyuka na mtoto akatoka mbio bila viatu. Fideli alinitazama muda mrefu, uso wake umelegea kama wa mtu aliyepigwa usingizini, kisha akaenda kuleta ngazi.

Anastazi ndiye aliyepanda. Alisukuma kile kipande cha jipsamu, harufu ikatushukia sote, akaanza kukohoa. Upande wa juu wa dari ulikuwa mweusi, ukungu umetambaa kutoka kwenye vifurushi mpaka ukutani, mweusi kwa kijani, na manyoya juu yake. Alivishusha vifurushi kwa jembe, hakutaka kuvigusa kwa mkono. Vilianguka sakafuni kimoja baada ya kingine, Fideli akavitoa uani kwa beleshi. Nitawaambia ukweli, hata mimi nilipoviona vilinitisha. Vilikuwa vyeusi, vimeota nywele, vimefungwa barabara. Ningekuwa jirani ningekimbia.

"Ni mbegu," nikasema. "Maharage na mahindi. Nilimletea Suzan, kama nilivyoletewa mimi. Zimelowa, zimeota kuvu, na kuvu hiyo ndiyo inayomziba mtoto kifua. Bomoeni dari yote ya chumba kile, mtengeneze bati."

Nikachukua kisu nikapasua kifurushi kimoja ili waone. Ndani maharage yalikuwa yameoza yote, hakukuwa hata punje moja ya kuonyesha. Lilibaki tope jeusi.

Fideli ana elimu. Anajua kuvu, ameona mizigo ya nafaka ikikataliwa mpakani. Nilimwona anahangaika, anataka kuniamini. Ila aliuliza swali moja. "Kwa nini ulificha, mama? Na kwa nini uliapa?"

Nilimweleza yote, mama mkwe, fito, moto, kisima. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia mwenyewe jinsi maneno yangu yanavyofanana na uongo. Anastazi aliitikia "eeh, eeh" kwa upole mwingi, kama watu wanavyomwitikia mtu aliyekwisha kukiri. Suzan alisimama mbali, chini ya mpapai, amemkumbatia Akimana. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Dari ilibomolewa wiki ile ile, ukuta ukasuguliwa na kupakwa chokaa, bati likazibwa. Akimana akapona. Alipona haraka na kwa namna ambayo kila mtu aliiona, na kwa kadiri alivyopona ndivyo hatia yangu ilivyothibitika. Pale Nyakahura hakuna anayesema kuvu. Wanasema bibi alishindwa na maombi, akaja mwenyewe kutoa vitu vyake. Hata Runazi nilisikia hivyo, tena kwa mtu anayenipenda.

Baada ya miezi miwili Fideli aliniletea mtoto nimwone. Walikuja na pikipiki, mchana, hakuvua hata jaketi. Akimana amenenepa, jino moja limeng'oka, alikimbiza kuku wangu kuzunguka nyumba mara tatu mpaka nikahesabu pumzi zangu badala ya zake. Nikakata ndizi mbivu kwenye mkungu uliokuwa ndani, nikampa moja. Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akamgeukia baba yake.

"Tumeshakula, mama," Fideli akasema taratibu. "Akimana, mrudishie bibi."

Mtoto akanirudishia. Nikaimenya ile ndizi, nikaila yote mbele yao, polepole, mpaka mwisho. Fideli alikuwa anaangalia barabarani. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, hilo nililiona, na nilijua ananipenda, na nilijua pia kwamba hatamruhusu mtoto ale kwangu leo wala kesho. Sikumlaumu. Mtu aliyekaribia kumzika mwanawe hawezi kucheza.

"Nendeni kabla ya mvua," nikamwambia.

Akimana alinipungia mkono akiwa nyuma ya pikipiki, anaimba wimbo wa shuleni kwa sauti kubwa. Nilisimama njiani nikimsikiliza mpaka walipofika kwenye kona ya shule. Aliimba njia nzima, na hakukohoa.