Saa ya Mzee Saning'o

Naisula alitoka Kitengela asubuhi na kiburi chake chote, maana kwenye laptopu yake kazi ilikuwa imekubali. Sasa ilikuwa saa tisa alasiri, yuko ofisi ya chama cha maji Kajiado, na kompyuta kongwe ya chama imemtoa jasho.

Rejista ya zamu za maji ilikuwa humo tu. Marehemu baba yake aliandikisha zamu kwa jina la mkewe, karatasi zikaliwa na mchwa, na sasa ndugu za marehemu wanasema mama hana chake kisimani. Kamati ingeamua saa kumi. Programu ya kupokea amri, ambayo bila yake rejista haifunguki, ilikuwa imeharibika. Naisula alileta msimbo, maandishi yanayojengwa kuwa programu mpya, akawa anaondoa kila kitu ambacho mfumo ule wa zamani haukukijua.

Tangu stima ipotee saa sita na kurudi, alikuwa akipigana na mstari mmoja ambao mashine iliukataa. Aliusahihisha, akaijenga programu upya, kosa lilelile. Akaufuta kabisa. Kosa lilelile! Mstari haupo na bado unalalamikiwa?

"Wacha tu, binti yangu," akasema Mzee Saning'o, karani wa chama. "Hii kitu imezeeka kama mimi."

"Siachi, Mzee."

Akakagua mafaili moja moja, akitazama saa ambayo kila moja lilihifadhiwa. Sehemu iliyojengwa asubuhi ilikuwa na saa nne asubuhi. Faili alilolifutia mstari sasa hivi lilikuwa na saa tatu asubuhi. Mashine iliona sahihisho ni la zamani kuliko kilichokwisha kujengwa, ikaona hakuna haja ya kujenga chochote.

"Mzee, stima iliporudi nani aliweka saa?"

"Ni mimi. Betri ilikufa kitambo, kila ikizima mimi huiwekea. Ilikuwa saa sita, nikaandika sita."

"Lakini Mzee, kwa mashine sita ni alfajiri!"

Naisula alicheka mpaka machozi, akarekebisha saa, akajenga tena. Programu ikaamka, rejista ikafunguka. Kamati ilipoingia, jina la mama yake lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Mashine isiyojua hata saa," akasema baba yake mdogo, "tutaiaminije?"

Mzee Saning'o akasimama. "Saa nilikosea mimi. Hilo jina niliandika mimi pia, na ndugu yako akiwa amesimama hapo ulipo."

Baba mdogo akasogea kando. Mwenyekiti akaandika: Jumanne, zamu ya mama Naisula.