Maua Yenye Bitana

Jumatano asubuhi jirani mkunga alifungua dirisha la jikoni akamkuta Fundi cherehani amepiga magoti katika bustani yake, utepe wa kupimia shingoni, penseli sikioni, akichukua vipimo vya mshubiri uliochanua.

"Hodi, jirani," Fundi alisema, ingawa alikwisha kuingia zamani.

"Karibu. Unalishonea gauni ua langu?"

"Tafadhali usinisemeshe nikakosea. Kiuno chenyewe chembamba mno."

Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa na kuona mengi, lakini hili hakuwahi kuliona. Alifunga dirisha taratibu, akaenda kumchemshia chai.

Aibu hiyo ilikuwa na chanzo. Miezi miwili nyuma mke wa Fundi alisafiri kwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Alimwachia mumewe agizo moja tu, kuhusu mishubiri minane iliyopangwa karibu na lango. "Usiimwagilie, usiipalilie, usiiguse. Iangalie tu." Sasa mwambie mtu mwenye mikono miwili mizima aangalie tu! Tena Fundi, aliyeishi miaka arobaini kwa sheria moja: kinachotokeza hukatwa. Alikata nyuzi, alikata pindo, na siku moja, kwa pupa, alikata ncha ya tai ambayo mteja alikuwa bado ameivaa.

Basi Jumapili, baridi ikiwa imekaza, aliona kijiti cha kijani kimechomoza katikati ya kila mshubiri, kichwa chake kimefunikwa magamba. Akaona bustani inafumuka. Alichomoa mkasi mfukoni, akakata mara nane, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kazi yake. Ilimpendeza sana.

Jioni mkewe akapiga simu. "Bwana, vijiti vimetoka?"

"Vijiti gani?"

"Vya maua! Miaka minne nangoja, mwaka huu ndipo mishubiri imefikia umri wa kuchanua. Huku nalala kwenye kiti, mgongo si wangu tena. Kinachonipa nguvu ni kwamba Jumamosi nitarudi niyaone maua yangu."

Fundi alitazama dirishani, akahesabu vigutu vinane.

"Vimetoka," alisema. Hakusema uongo. Hakuulizwa vimekwenda wapi.

Ndivyo alivyofika kwa mkunga na utepe wake. Siku tatu cherehani haikupumzika, suruali za wateja zikangoja. Alitumia satini ya rangi ya chungwa iliyobaki kwenye magauni ya harusi, kila ua mrija mdogo wenye mdomo mpana, ndani bitana ya manjano, akayafunga mashada manane juu ya vile vigutu. Kazi ilimfunza asiyoyajua. Kumbe maua yale huinamisha nyuso chini. Kumbe ya chini hufunguka kwanza, na ya juu hubaki yamefumba, yakingoja zamu. Kila asubuhi kwa miaka minne mkewe alisimama pale langoni na kikombe cha chai, naye alimpita akienda dukani, asiulize hata mara moja anangoja nini. Jambo hilo lilimuuma kuliko mkasi.

Jumamosi mkewe alishuka kwenye teksi na sanduku lake, akaona rangi ya chungwa imewaka langoni, akaachia mkoba ukaanguka.

"Yamechanua!"

Fundi alifungua kinywa akiri. Ndipo akaja ndege, chozi mdogo mwenye mdomo uliopinda wa kunyonyea asali ya maua. Alidonoa ua la kwanza, akadonoa la pili, akalijaribu la tatu, kisha akaruka kwenda kwa mkunga huku akipiga kelele za mteja aliyepunjwa. Mke alimfuata kwa macho. Akainama, akaligeuza ua moja nje ndani kwa kidole.

"Umeyatia bitana," alisema.

"Yangelegea."

"Na yangu yako wapi?"

"Niliyakata, mke wangu. Niliona yanatokeza."

"Yalikuwa yanatokeza, bwana. Ndiyo kazi yake."

Alilia, si sana, kilio cha mtu aliyechoka na safari. Fundi alisimama kando, hajui mikono aiweke wapi. Kisha mke alifuta macho, akatazama tena, na chini ya shada la tano akaona kitu cheupe. Ilikuwa lebo ya duka. Fundi alikuwa ameishona kwa mazoea, na maneno yake yote: *Usifue kwa maji ya moto.* Mke alicheka mpaka akakalia sanduku lake.

Alipopata pumzi alinyoosha mkono. "Mkasi."

Fundi akautoa. Mke akautia mkobani, akafunga zipu.

Wiki iliyofuata, asubuhi ya ukungu, Fundi alitoka na vikombe viwili vya chai. Duka lingengoja. Alisimama pale pale anaposimama mkewe, akainama kwenye mshubiri wa tano. Chini ya ua la satini, baina ya majani mawili ya miiba, palikuwa na kichwa cha kijani, hakizidi pingili ya kidole.

Aliweka vikombe chini. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, ukakuta mfuko mtupu, naye akashukuru kimoyomoyo.

"Mama watoto," aliita kwa sauti ndogo, kama vile sauti kubwa ingekirudisha ndani. "Njoo. Njoo polepole. Kuna kinachotokeza."