Mgongo wa Mwosha Maiti

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu, Mzee Mmanga wa Kiuyu alivua shati ndani ya maabara moja ya Chake Chake. Mgongo wake ulikuwa na alama za kirungu. Hakuna mtu aliyempiga.

Mkemia, Ruweida, alizipima kwa rula. "Zimeanza lini?"

"Nilipomuosha Zubeir. Zilikuwa zake, zikahamia kwangu."

Mwosha maiti humsitiri marehemu; alichokiona hakisemi. Zubeir alitolewa kituo cha polisi akiwa ameshakufa, na Mmanga alimsitiri kama alivyowasitiri wengine. Daktari alifika baada ya josho, akakuta ngozi safi. Akachukua damu tu.

Damu hiyo Ruweida aliipima mwenyewe. Ilikuwa na dawa ya maono, ya kutengenezwa na watu, kiasi kidogo cha kupimwa kwa mikrogramu. Molekuli yake inafanana na serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe ndani ya ubongo. Huingia katika kipokezi cha serotonini kwenye ubongo, nacho hujifunga juu yake kama kifuniko, ndiyo maana mtu huona kuta zikipumua kwa saa nyingi. Hupanua mboni, huharakisha moyo. Haiachi alama mgongoni. Polisi walimuuliza Ruweida kama dawa imo tu, akaandika katika ripoti kwamba imo.

"Sasa Bi Duni anaambiwa mwanawe kajiua kwa madawa," alisema Mmanga. "Dawa yenu hiyo yapiga virungu?"

"Haipigi."

"Basi liandike hilo, mwanangu."

Ruweida alimtoa damu mkononi: safi. Akamtoa nyingine kwenye alama kubwa ya mgongoni. Hiyo ilikuwa na dawa, kwa kiwango kilekile cha Zubeir, na kundi la damu lilikuwa la Zubeir.

"Na maono umeyapata, Mzee?"

"Nimeona kuta za kituo zikipumua. Nimemuona na aliyeshika kirungu. Namjua; babake nilimuosha miye."

Ruweida aliandika ripoti ya pili, akaipeleka polisi. Alhamisi ilijibiwa: sampuli ya mtu aliye hai haiingii katika faili la marehemu. Sababu ya kifo ilibaki dawa za kulevya.

Alimpigia Mmanga simu kumwarifu. Mzee alikuwa ameitwa kuosha maiti nyingine, iliyotoka kituo kilekile.

"Mgongo umeshajaa," alisema. "Labda kifuani."

Ruweida alisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo, kisha simu ikakatika.