Watano Jukwaani, Watano Vitini

Hebu niambie, wewe ungekubali kupigiwa muziki na watu waliokuzidi idadi? Basi ile bendi ya jazi nayo haikutaka. Walikula kiapo zamani, wakiwa bado na meno yote: wapigaji wakiwazidi wasikilizaji, au hata wakilingana nao, hakuna kupiga. Hapo ni kuviziana, si burudani.

Msikilizaji wa zamani kuliko wote alikuwa mama mmoja mshonaji. Mumewe, kinyozi, ndiye mpiga tarumbeta na mwenyekiti wa bendi. Miaka thelathini na mmoja, kila Jumapili alasiri, mama huyu alikaa kiti cha mbele na viatu vyake vya kisigino kifupi, akingoja mumewe ashuke wacheze japo wimbo mmoja. Wapi! Mwanamume pumzi zote alizimalizia kwenye tarumbeta, akifika nyumbani hana hata ya kusema asante.

Jumapili hiyo nesi mstaafu, msikilizaji wa sita, alikuwa amehamia kwa binti yake. Wakahesabiana: jukwaani watano, vitini watano.

"Vijana watakuja," alisema mpiga saksafoni, ambaye siku za kazi hung'oa watu meno.

"Wa wapi? Yule msichana wa mwezi jana alikuja kuchaji simu," alijibu mpiga kinanda. "Ilipojaa, akaaga."

"Lakini alikuwa anatikisa kichwa!"

"Alikuwa anatukatalia."

Mpiga ngoma, fundi bomba, akaweka vijiti chini. "Mmoja wetu ashuke akasikilize. Sisi wanne, wao sita. Kiapo kizima, na jazi imepata msikilizaji mpya."

"Ashuke nani?" aliuliza kinyozi, akifuta tarumbeta kwa pindo la koti.

Wote wakamtazama yeye.

"Mimi? Mwenyekiti?"

"Mzee, zamu yako ikifika unapiga mpaka tunasahau wimbo ulikuwa upi," alisema fundi bomba. "Juzi nilikwenda msalani, nikanawa, nikarudi, bado uko palepale."

Kinyozi akashuka amenuna, akajibwaga kando ya mkewe. Muziki ukaanza. Vidole vyake, kwa kukosa kazi, vikawa vinabonyeza goti.

"Hapo ningeingia mimi," alinong'ona.

"Nyamaza, baba watoto. Huku hatusemi."

Kidogo mguu wa kinyozi ukaanza kugonga sakafu wenyewe, kisha bega nalo likafuata.

"Kumbe huku chini kuna raha hivi! Mbona hukuniambia?"

Mshonaji aliwaza kwamba wiki ijayo hawa wazee watamkamata mtu yeyote barabarani wamkalishe kiti cha sita, na mumewe atarudi jukwaani. Akasimama, akaikunjua sketi yake, akamnyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Miaka yote hii umenipigia. Mimi nilitaka ucheze na mimi."